Miaka Yote Tulikuwa Tunapima Gundi

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mafundi wa karakana, na ninyi wanafunzi mliojibanza safu za nyuma kana kwamba leza nimekuja nayo humu ndani: hamjambo. Leza sikuja nayo. Nimekuja na bamba moja dogo la alumini lenye madoa, nitalipitisha baadaye.

Ratiba imenipa mada ndefu: matumizi ya mawimbi ya mshtuko yatokanayo na leza katika kupima mshikamano wa mipako ya kinga. Karakanani swali ni fupi zaidi. Ulichokipaka, kimeshika? Na kama kimeshika, kimeshika kiasi gani?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo nililetewa silinda za chuma zenye kipenyo cha milimita 25.4, zimepakwa kabaidi ya tangsteni kwa bunduki ya moto inayorusha unga kwa kasi kubwa. Mwenye kazi alikuwa amezitayarisha kwa namna tatu. Kundi la kwanza lilipigwa mchanga mkali kabla ya kupakwa, la pili mchanga laini, la tatu lilioshwa tu. Alitaka kujua ipi kati ya hizo tatu inashika zaidi. Kazi rahisi, nikamwambia. Njoo kesho kutwa.

Nikafanya kama tunavyofanya wote. Ukachukua silinda ya pili iliyo tupu, ukaibandika juu ya mpako kwa gundi ya epoksi, ukaiweka kwenye tanuri dogo gundi ikakomaa, kisha ukafunga jozi nzima kwenye mashine ya kuvuta. Namba ikapanda taratibu: megapaskali 40, 55, 68. Ilipovuka 70 ikasikika “ta!” kavu, silinda zikaachana. Nikageuza vipande viwili mkononi. Kwenye kimoja mpako wote upo, mzima, umevaa gundi ya rangi ya asali. Kwenye kingine gundi tupu, hata punje moja ya kabaidi haipo. Nikaandika “zaidi ya 72”. Kundi la pili: zaidi ya 71. La tatu, lile lililooshwa tu: zaidi ya 73.

Mwenye kazi alizitazama zile namba kwa muda, akauliza kwa upole, “Zaidi kiasi gani?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeipima gundi ileile mara tatu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, nami nilijiliwaza hivyo. Ila mhunzi wa kwenye methali anajua koleo limevunjika. Sisi tulikuwa tunavunja koleo kila siku na kuandika kwenye ripoti kwamba tumepima chuma.

Sisemi kipimo cha gundi ni kibovu. Kwa rangi za kawaida kinafaa sana, kwa sababu rangi huachia mapema, mbali na nguvu ya gundi. Kiwango cha ASTM C633, ambacho ndicho kinachotawala mipako ya kunyunyiziwa kwa moto, kinakiri chenyewe kwamba nguvu ya gundi ndiyo ukomo wake, na kinataka mpako uwe mnene zaidi ya milimita 0.38, maana mpako mwembamba wenye vitundu hunywa gundi. Gundi ikishuka hadi chini, unakuwa umeusaidia mpako kushika halafu unajisifu kwamba umeshika. Kuna na kile cha kuchora miraba kwa kisu, mikato sita hivi na sita hivi, kama ISO 2409 inavyoelekeza, kisha unabandika utepe, unaubandua, unatoa alama kuanzia 0 hadi 5. Kwa ukuta na mlango wa gari, safi. Kwa kauri ya injini ya ndege, hicho ni kisu tu kinachokwaruza jiwe.

Sasa swali lenyewe. Unaweza kuvuta mpako bila kuushika?

Kabla ya kujibu, tukubaliane maneno matatu. Kile kinachobeba nitakiita mwili. Kinachobebwa ni mpako. Pale vinapokutana nitapaita mshono, ingawa hakuna aliyeshona kitu.

Panga sarafu tano mezani, zigusane, mstari ulionyooka. Chukua ya sita uigongeshe kwenye ya kwanza. Nne za kwanza zinatulia, ya mwisho inaondoka. Mmewahi kujiuliza kwa nini ni ya mwisho? Msukumo umepita kwa wote, lakini kila sarafu ilikuwa na jirani mbele yake wa kumkabidhi. Ya mwisho haina jirani. Kama ungekuwa umeigundisha hiyo ya mwisho kwa ile ya nne, basi katika dakika ile anayeamua kama itaondoka au itabaki ni gundi iliyo kati yao. Hujaigusa hata kidogo. Umegonga upande wa pili kabisa wa meza.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1914 Bertram Hopkinson, profesa wa Cambridge, alichapisha majaribio yake ya milipuko ambayo ndani yake anaeleza kinachotokea ukilipua baruti iliyogusana na bamba la chuma: kipande kinabanduka upande wa nyuma, ule ambao haukuguswa na mlipuko. Chuma kigumu, kimesukumwa, lakini kimevunjika kwa kuvutwa. Hapo ndipo mambo yote ya leo yalipoanzia. Hopkinson alikosa kitu kimoja tu, nacho ni nyundo ndogo ya kutosha. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960. Mwaka 1970 mtafiti Anderholm alionyesha kwamba ukiifunika shabaha kwa kitu kinachopitisha mwanga, shinikizo linaongezeka sana. Mwaka 1978 mtafiti mwingine, Vossen, akaitumia leza kubandua matabaka membamba ili apime yalivyoshika. Baadaye Wafaransa wakakipa kipimo hiki jina linalotumika hadi leo, LASAT, kifupi cha Kiingereza cha “kipimo cha mshikamano kwa leza”, na wakakiendeleza kuliko wengi.

Nyundo yenyewe ikoje? Chukua leza ya kawaida ya maabara inayotoa mwanga wa nanomita 1064, usioonekana kwa macho. Nishati ya mpigo mmoja iwe jouli 1. Jouli moja ni kitu kidogo mno: kunyanyua mzigo wa gramu mia moja hadi urefu wa mita moja, basi. Ila hiyo jouli unaitoa yote ndani ya nanosekunde 10, yaani sehemu moja ya milioni mia ya sekunde. Hapo umeshapata megawati 100. Kisha unaikusanya kwenye doa lenye kipenyo cha milimita 2, unapata gigawati 3 na ushee kwa kila sentimita ya mraba. Ngozi ya juu kabisa ya chuma haipati hata muda wa kuyeyuka kwa adabu. Inageuka plazima, gesi ya moto kali iliyopasuka chembechembe zake za umeme, inataka kutanuka.

Ukiiacha itanuke hewani, inakupa msukumo kiasi. Ukiizuia kwa tabaka la maji la milimita chache tu, haina pa kwenda. Inasukuma maji huku na chuma kule, na shinikizo linaongezeka mara kadhaa, tena linadumu zaidi ya mwanga wenyewe uliolizaa. Kwa namba nilizotaja tunazungumzia gigapaskali 2 hivi, karibu mara elfu ishirini ya shinikizo la hewa tunayoivuta sasa hivi. Maji ya bomba, ndugu zangu. Wanafunzi wengi huja maabara wakitegemea kuona kitu cha ajabu, wanakuta bomba dogo linachuruzika kwenye bamba.

Na msidhani ukitaka shinikizo zaidi unaongeza tu umeme. Ukikaribia gigawati 10 kwa sentimita ya mraba, maji yenyewe yanawaka plazima juu yake, mwanga unazuiwa kabla ya kufika kwenye chuma. Unaongeza gharama, hupati kitu. Pia tunaweka utepe wa alumini au utepe mweusi pale leza inapopiga, ndio unaoungua badala ya kipande cha mteja. Sauti yake ni “paa!” kali kama ya mjeledi, na mtu asiyevaa miwani maalumu hana ruhusa ya kuwa chumbani, awe mkurugenzi au nani.

Basi wimbi limeanza safari. Kwenye alumini linakwenda karibu kilomita 6.4 kwa sekunde. Bamba la milimita moja linavukwa kwa nanosekunde 160 hivi, yaani katika muda wa kupepesa jicho lingeweza kulivuka zaidi ya mara laki sita. Linafika kwenye mshono, linaingia kwenye mpako, na mpaka hapo hakuna baya lolote. Mpako unagandamizwa juu ya mwili wake, na kugandamizwa hakubandui kitu. Kisha linafika kwenye uso wa nje, ambako mbele yake kuna hewa tu. Ile sarafu ya mwisho. Haliwezi kuendelea, linageuka, na likishageuka linabadilika tabia: lililokuwa linasukuma sasa linavuta.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo kipimo hiki kinapopata thamani yake, na ndipo wengi wanaponunua mtambo wa bei mbaya wanapoteleza.

Wimbi lina urefu. Mpigo wa nanosekunde 10 ndani ya alumini una urefu wa maikromita 64 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kama unene wa karatasi nyembamba. Lina kichwa na lina mkia. Kichwa kinapogonga uso wa nje na kuanza kurudi kikiwa kinavuta, mkia bado unakuja ukiwa unasukuma. Vikikutana vinafutana. Kwa hiyo karibu kabisa na uso wa nje hakuna mvuto wowote wa maana. Mvuto kamili unajitokeza pale tu kichwa kinaporudi na kuupita mkia, yaani, kwa mpigo wenye umbo la mraba, kwenye kina cha nusu ya urefu wake. Maikromita 32. Ikiwa mpako wako una unene wa maikromita 10, mshono wako uko kwenye kivuli. Leza imepiga, sauti imesikika, bamba limeruka, na mshono haujaulizwa swali. Ukiandika “mpako umehimili”, umeandika uongo bila kukusudia.

Dawa yake? Mpigo mfupi zaidi. Kwa mipako myembamba watu wameingia kwenye pikosekunde, sehemu ya elfu ya nanosekunde, na hata chini ya hapo, ili urefu wa wimbi upungue na mvuto uzaliwe karibu na uso. Kwa mwili mnene ni kinyume chake, mpigo mfupi unachoka njiani. Mkia unakwenda kwa kasi zaidi kidogo kuliko kichwa, kwa sababu unapita kwenye chuma kilichokwisha gandamizwa, unakikamata kichwa na kukila. Kingo za doa nazo zinatuma mawimbi yao ya kulegeza kuelekea katikati. Doa la milimita 2 kwenye bamba la sentimita 3 ni kazi bure, upande wa pili utasikia mnong'ono tu.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasifia leza yake kwa nguvu, huwa nauliza mpigo wake ni wa muda gani na mpako wake una unene gani. Asipojua mojawapo, mengine hayana haja. Gundi ilikuwa inatuchagulia pa kuvunjikia bila kutuuliza. Kwa leza, pa kuvutia unapachagua wewe, na ukikosea kuchagua kosa ni lako.

Wapo waliokwenda mbali zaidi: wanapiga pande zote mbili kwa mipigo miwili, na kwa kuuchelewesha mmoja wanahamisha mahali mawimbi ya kuvuta yanapokutana. Ikiwa wimbi linakwenda milimita 3 kwa mikrosekunde, kama ilivyo takriban ndani ya nyuzi za kaboni ukipita katika unene wake, kuchelewesha kwa nanosekunde 200 kunasogeza makutano kwa milimita 0.3. Unapanga kina kwa saa. Mimi hili bado linanifurahisha kila ninapoliona.

Utajuaje sasa kama mshono umeachia? Kwa kauri nyeupe zinazopitisha mwanga kidogo, unatazama tu. Palipoachia panaingia mwanya, mwanga unarudi tofauti, panatokea doa jeupe la mviringo. Unalipima kwa rula ya hadubini. Ukiongeza nishati doa linapanuka, ukipunguza linasinyaa. Unachora mstari wa nishati na kipenyo, unaufuata kurudi nyuma hadi mahali doa lingekuwa sifuri, hapo ndipo ulipo ukomo wa mshono. Kwa metali zisizopitisha mwanga utaona lengelenge dogo, au hutaona kitu kabisa, ndipo unaita mawimbi ya sauti yasiyosikika au kamera ya joto.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kutazama mwendo wa uso wa nje wakati uleule. Unaelekeza mwanga mwingine mdogo kwenye uso huo, na mwanga unaorudi umebadilika rangi kwa kiasi kidogo mno kwa sababu uso unatembea, kama honi ya gari inavyobadilika sauti likikupita. Kifaa chake kinaitwa VISAR, kilielezwa na Barker na Hollenbach mwaka 1972. Kwa mpigo tuliouzungumzia, kama wimbi lisingechoka njiani, uso wa alumini ungeruka kwa mita 260 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya ndege ya abiria ikiwa juu ya mawingu. Lakini inadumu nanosekunde 10 tu, kwa hiyo uso umesogea chini ya maikromita 3, halafu umetulia. Ukiushika kwa kidole hutajua kilichotokea.

Kwenye mchoro wa VISAR, mpako ulioshika vizuri unaonyesha wimbi likirudi hadi nyuma ya bamba na kuja tena, milima imeachana mbali. Mpako ulioachia unaonyesha vilima vilivyobanana, tik-tik-tik, kwa sababu wimbi limenaswa ndani ya mpako peke yake, linadunda kati ya uso wa nje na ule mwanya mpya. Muda kati ya kilima na kilima ukiuzidisha kwa kasi ya wimbi na kugawanya kwa mbili, unapata unene wa kilichobanduka. Ukifanana na unene wa mpako, ni mshono ndio umeachia. Ukiwa mdogo, mpako umekatikia tumboni mwake na mshono bado haujulikani.

Wapi kipimo hiki kimepata kazi ya kweli? Nitataja sehemu tatu, ya kwanza kwa kirefu.

Mapanga ya turbaini za injini za ndege yanakaa kwenye gesi ambayo joto lake linazidi kiwango cha kuyeyuka cha metali iliyoyaunda. Yanapona kwa sababu ndani yana mifereji ya hewa ya kupoza, na nje yamevikwa kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria, kama asilimia 7 au 8 kwa uzito, unene wa maikromita mia moja na zaidi. Kati ya kauri na metali kuna tabaka la kuunganisha, na juu yake, kadiri injini inavyofanya kazi, inaota ngozi ya oksidi ya alumini. Ngozi hiyo ni mlinzi na ni adui. Inazuia oksijeni, lakini inanenepa, na injini ikipoa inabanwa kwa mkazo mkubwa sana kwa sababu haisinyai sawa na metali iliyo chini yake. Mpasuko hufuata ngozi hiyo au jirani yake. Gundi haifai hapa, kauri yenyewe inavunjika au inainywa. Leza inapigwa upande wa metali, doa jeupe linatokea upande wa kauri, na kipande kimoja kidogo kinakupa vipimo kumi au ishirini. Watafiti wa Ufaransa wakaenda mbele zaidi: wanatengeneza kwa makusudi lengelenge la kipenyo wanachokijua, kisha wanakipeleka kipande kwenye tanuri la kupasha na kupoza mara mia kadhaa, wanaangalia lengelenge linavyokua. Kwa hiyo leza inapanda kidonda, tanuri linakilea.

Ya pili ni kwa wenzetu wa nyuklia. Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, imekuwa ikishughulikia mabamba ya mafuta ya vinu vya utafiti, katika jitihada za kuvitoa vinu hivyo kwenye urani iliyorutubishwa sana na kuvipeleka kwenye ile iliyo chini ya asilimia 20. Ndani ya bamba kuna karatasi ya urani iliyochanganywa na molibdeni, ina ngozi ya zirkoni, na imefunikwa kwa alumini kwa joto na shinikizo. Mshono ukiachia kinuni, joto halitoki vizuri. Na bamba likishatoka kinuni lina mionzi, hakuna binadamu wa kwenda kulipaka epoksi. Linakaa ndani ya chumba chenye kuta nene, linashikwa kwa mikono ya mashine. Mwanga unafika hata humo.

Ya tatu, viungo vya gundi kwenye ndege za nyuzi za kaboni. Kuna ugonjwa pale ambao Waingereza wanauita kwa jina la busu: nyuso mbili zimegusana kabisa, mawimbi ya sauti yanapita bila kizuizi, picha inatoka safi, ila mapenzi hayapo. (Kicheko.) Alama ya kidole, unyevu, mafuta ya kutolea kipande kwenye kalibu, yanatosha. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, AC 20-107B wa mwaka 2009, unatoa njia tatu kwa viungo vya namna hiyo: usanifu unaozuia mwachio usienee kupita kiasi, au kila kiungo kijaribiwe kwa mzigo, au pawe na ukaguzi usioharibu unaohakikisha nguvu ya kila kiungo. Hiyo ya tatu ndiyo kitendawili. Ndiyo maana mafundi wanaongeza ripiti, na wenyewe kwa utani wanaziita ripiti za woga. Boeing ni miongoni mwa waliojaribu leza hapa: mpigo mdogo wa kusikiliza, mkubwa wa kujaribu, mdogo tena wa kusikiliza kama kuna kilichobadilika. Kiungo kizima hakidhuriki, kile cha busu kinafichuka.

Kujaribu kwa mzigo si jambo geni. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kabla hakijaruka kwa mara ya kwanza Aprili 1981, kilikuwa na vigae vya kuzuia joto zaidi ya 30,000, na mashaka juu ya mshikamano wake yalikuwa makubwa kiasi kwamba vigae vilivutwa kimoja kimoja kwa kikombe cha kunyonya hewa hadi mzigo uliopangwa. Kilichobaki kilibaki. Kilichotoka kilibandikwa upya. Hakuna aliyehitaji kujua kila kigae kingekatika kwenye megapaskali ngapi.

Na mimi naamini hapo ndipo mahali halali pa leza. Sipendi kuona megapaskali za leza zikipangwa kwenye jedwali moja na megapaskali za gundi. Gundi inavuta kwa dakika, leza kwa nanosekunde, na vitu vingi vikivutwa ghafla hivyo vinahimili zaidi kuliko vikivutwa polepole. Mpako uleule utakupa makumi kwa njia moja na mamia kwa nyingine, zote zikiwa kweli. Tena ile namba ya leza haisomwi popote kwenye kifaa. Inakokotolewa kwenye kompyuta kutokana na mwendo wa uso, kwa kukisia jinsi kila tabaka linavyopitisha wimbi. Kauri yenye vitundu inapitishaje wimbi? Ukikosea hapo, namba yako ina desimali tatu na haina ukweli. Linganisha kundi na kundi, kabla na baada, zuri na baya, kwa mpigo uleule na unene uleule. Hapo leza haina mpinzani. Wala haikwambii chochote juu ya kutu itakayotambaa chini ya rangi baada ya miaka miwili, au juu ya kusuguliwa kwa ubavu.

Kabla sijalipitisha bamba, nimeletewa karatasi mbili za maswali. Moja inauliza kama tutupe mashine za kuvuta. Hapana. Yangu ipo bado, naitumia kila wiki kwa rangi. Nilichobadilisha ni kitu kimoja: fomu ya ripoti sasa ina mstari wa lazima unaouliza ni nini kilichoachia, na kama jibu ni gundi, sehemu ya namba inafungwa.

Nyingine inauliza yaliishia wapi yale makundi matatu ya silinda. Silinda hazikufaa kwa leza, ni nene mno. Mwenye kazi alikubali kupaka vibamba vyembamba vya chuma kwa namna zilezile tatu, tukavipiga kimoja kimoja tukipanda ngazi ya nishati. Kilichooshwa tu kiliachia kwenye ngazi ya pili. Cha mchanga laini kilifika ya sita. Cha mchanga mkali kilikatikia tumboni mwa mpako, mshono ukabaki, na hiyo ndiyo namba ambayo hadi leo sijaiandika.

Hili hapa bamba. Tafadhali lisiguswe usoni. Lina safu nne za madoa sita sita, nishati inapanda kutoka kushoto. Anayeshika lenzi aanze na safu ya tatu, doa la nne: halionekani ukilitazama moja kwa moja, liinamishe kidogo kuelekea taa.